Madereva wa Wapi? Dhana juu ya Mji na Haki ya Mtu Mmoja

Hukumu kwamba madereva wa mji fulani ni wabaya hutolewa kwa wepesi mkubwa, mara nyingi na watu ambao wasingethubutu kutamka neno kama hilo juu ya kabila au dini. Mikoani Tanzania, dereva wa Dar es Salaam hutajwa kwa fujo: kuchomekea kwenye foleni, kutanua pembeni mwa barabara, kupiga honi kabla taa ya kijani haijawaka. Dar es Salaam yenyewe, gari likisita kuingia kwenye kipilefti, waliokwama nyuma yake husema huyo katoka mkoani. Katika pwani ya Kenya watu wa bara husemwa kwamba wanaendesha kama waliofukuzwa, nao watu wa Nairobi wakishuka Mombasa hulalamika kuwa huko hakuna mwenye haraka. Ujerumani, ambako herufi za mwanzo za namba ya gari hutaja wilaya lilikosajiliwa, wakazi wa Frankfurt wana utani wa siku nyingi juu ya jirani zao wa Offenbach: herufi OF, husema, ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "bila leseni". Marekani, madereva wa jimbo la Massachusetts wametungiwa na jirani zao jina la tusi lililounganishwa na jina la jimbo, na mwaka 2015 neno hilo liliingizwa katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford.

Maneno haya huchukuliwa kuwa ya kupitisha muda barabarani. Hata hivyo ndani yake mna maswali mawili mazito ya falsafa. La kwanza ni la elimu: je, asemaye hivyo anajua jambo, au anadhani tu? La pili ni la haki: hata kama kuna ukweli fulani juu ya mji, je, ni halali kumhukumu kwa ukweli huo mtu mmoja aliyeshika usukani, ambaye hajatenda lolote bado? Maswali haya hayajibiwi kwa pamoja. Mtu anaweza kusema kweli juu ya wengi na bado akamdhulumu mmoja.

Kiswahili kinaonyesha kwa silabi moja mahali tatizo lilipo. Katika maneno "dereva wa Dar", ile "wa" haisemi kama dereva huyo anaendeshea Dar au ametoka Dar. Maana ya kwanza ni ya mahali. Inamhusu yeyote aliyeshika usukani katika barabara za mji ule, awe mzaliwa wa Kariakoo au amefika juzi kutoka Songea. Maana ya pili ni ya asili. Inamhusu mtu aliyelelewa na mji, anayedaiwa kutembea na tabia ya mji huo popote aendako. Ushahidi wa maana ya kwanza hupatikana kila siku: atakayesimama Ubungo saa kumi na moja jioni ataona magari yakichomekeana. Kosa linaingia pale ushahidi huo wa mahali unapotumiwa, bila mtu kutambua, kuthibitisha jambo juu ya asili.

Kiambishi hu- kinaongeza ugumu mwingine. "Madereva wa mji ule huchomekea" ni sentensi isiyotaja idadi wala wakati. Kiambishi chenyewe hakibebi hata nafsi: mimi huenda, wewe huenda, wao huenda, umbo ni moja. Sentensi ya "wote" huvunjwa na mtu mmoja aliye kinyume. Sentensi ya "wengi" huvunjwa kwa kuhesabu. Sentensi ya hu- haivunjwi kwa njia yoyote kati ya hizo. Akiletwa dereva mstaarabu wa mji ule, jibu liko tayari: huyo ni yeye tu. Akiletwa wa pili, naye ni yeye tu. Ndiyo maana dhana ya namna hii inaweza kuishi miaka hamsini katikati ya watu wenye macho mazuri.

Mwanafalsafa Sarah-Jane Leslie, ambaye makala yake ya mwaka 2008 juu ya sentensi za namna hii imejadiliwa sana, anatoa mfano wa mbu na virusi vya West Nile. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano wa malaria ni wa karibu zaidi. Kila mtu hukubali kwamba mbu huambukiza malaria, ingawa ni jike wa Anopheles tu anayeweza kufanya hivyo, na hata miongoni mwa majike hao wengi hawana vimelea. Sentensi inakubalika kwa sababu jambo linalotajwa ni la hatari. Palipo na hatari, akili ya mwanadamu haisubiri hesabu: visa vichache vinatosha kuibebesha jamii nzima sifa hiyo. Kwa mbu, wepesi huo ni baraka. Chandarua kinatundikwa dhidi ya mbu wote, na asiye na vimelea hadhulumiwi kwa kuzuiwa. Barabara nayo ni mahali pa hatari, na akili inafanya kazi yake ileile, ila safari hii anayebebeshwa sifa ni mtu.

Namna dhana inavyojilisha ilielezwa vizuri na Francis Bacon mwaka 1620 katika kitabu chake *Novum Organum*. Anasimulia kisa cha zamani cha mtu aliyepelekwa hekaluni akaonyeshwa picha za mabaharia walioweka nadhiri wakaokoka chombo kilipovunjika. Alipoulizwa kama sasa anakiri uwezo wa miungu, naye aliuliza ziko wapi picha za walioweka nadhiri wakazama. Barabarani, anayesafiri asubuhi kutoka Mbezi hadi Kariakoo hupishana na mamia ya magari. Mengi yanakaa kwenye mstari wake, yanasimama penye taa, yanampisha mama aliyebeba beseni kichwani. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloacha picha. Linaloacha picha ni lile lililopanda ukingo wa barabara kwa tairi mbili, likaipita foleni nzima, kisha likapenyeza pua yake mbele ya gari lililokuwa linasubiri tangu Kimara. Jioni, safari ya saa mbili inasimuliwa kwa sekunde kumi za gari hilo.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Namba za magari za Tanzania Bara huanza na herufi T, zikifuatiwa na tarakimu tatu na herufi tatu, na hazitaji mkoa. Za Zanzibar huanza na Z. Za Kenya huanza na K, nazo hazitaji kaunti. Anayesema kwamba gari lililochomekea kule Dodoma ni la mtu wa Dar amejuaje? Amejua kwa sababu limechomekea. Na anayesema kwamba gari linalosita kwenye kipilefti pale Dar ni la mtu wa mkoani amejua kwa sababu linasita. Tendo linatumika kumbaini mtu alikotoka, kisha alikotoka kunatumika kueleza tendo. Mwendo huu ni wa duara tupu, na uzito wake ni huu: mchomekeaji aliyezaliwa Dodoma atahesabiwa kuwa wa Dar, mstaarabu aliyezaliwa Dar hatahesabiwa kabisa, na kila siku dhana itapata mashahidi wapya iliowatengeneza yenyewe.

Hata palipo na namba zinazotaja mahali, ushahidi wake ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Ujerumani, tangu tarehe 1 Januari 2015, mwenye gari anayehamia wilaya nyingine anaruhusiwa kubaki na namba yake ya zamani. Ufaransa, mfumo wa namba ulioanza mwaka 2009 unamruhusu mwenye gari kuchagua tarakimu za mkoa anaoupenda, hata kama haishi huko.

Walter Lippmann, mwandishi wa habari wa Marekani, mwaka 1922 aliazima neno kutoka kwa wapiga chapa ili kuzitaja picha za namna hii zinazokaa vichwani mwa watu: lile bamba la risasi lililokwisha kumiminwa, ambalo haliwezi kutoa ila nakala ileile. Kiswahili cha leo kina istilahi inayokaribiana sana na taswira hiyo, nayo ni fikra mgando. Kilichoganda kilikuwa majimaji hapo mwanzo, na mtu aliweza kukikoroga.

Anayehukumu naye ana hali yake. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson alichapisha matokeo ya kuwauliza madereva wajilinganishe na wenzao kwa ustadi. Kati ya Wamarekani aliowauliza, asilimia 93 walijiweka katika nusu ya walio bora. Kati ya Waswidi, asilimia 69. Kwa hesabu ni nusu tu wanaoweza kukaa katika nusu hiyo. Nyani haoni kundule, na dereva hajioni katika kioo cha nyuma cha mwenzake. Akichelewa kumpeleka mtoto hospitali, huchomekea na kuiita dharura. Akichomekewa, haulizi kama mwenzake naye ana mtoto hospitali. Kosa lake mwenyewe analieleza kwa hali aliyokuwa nayo, na kosa la mwingine kwa jinsi watu wa kule walivyo.

David Hume, Mskoti aliyeandika katika karne ya 18, aliliona tatizo hili mapema na kisha akatumbukia ndani yake. Katika kitabu chake cha falsafa ya akili cha mwaka 1739 alieleza kwamba chuki za kitaifa huzaliwa na kanuni za jumla ambazo akili inazitunga kwa haraka. Alitoa mfano wa wanaoamini kuwa Mwairishi hawezi kuwa mcheshi wala Mfaransa hawezi kuwa mtu makini, hata wanapozungumza na Mwairishi mcheshi na Mfaransa makini uso kwa uso. Mwaka 1748 aliandika insha juu ya tabia za mataifa, akadai kwamba tofauti za tabia zinatokana na serikali, kazi na mazoea ya kuishi pamoja kuliko hali ya hewa. Hadi hapo alikuwa kwenye njia nzuri. Lakini mwaka 1753 aliongeza chini ya insha hiyo maelezo yanayodai kwamba watu weusi ni duni kwa asili. Mskoti mwenzake, James Beattie, alimjibu mwaka 1770 kwamba madai ya namna hiyo yangehitaji ujuzi wa watu wote waliopo na waliopata kuwapo, ujuzi ambao Hume hakuwa nao. Kisa hiki kinaumiza, na kinapaswa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba kuijua hila ya dhana kunatosha kumkinga nayo. Tena kinaonyesha kwamba ile hatua kutoka "mazoea ya mahali" hadi "asili ya watu" si ya barabarani pekee. Ni hatua ileile iliyopigwa na waliowauza wanadamu.

Inabaki kuuliza ni nini basi kilicho kweli. Miji hutofautiana, na kukana hilo ni kukana kinachoonekana. Maelezo mazuri ya tofauti hiyo yanapatikana katika kitabu cha mwanafalsafa wa Marekani David Lewis juu ya mapatano ya kijamii, kilichotoka mwaka 1969. Kuendesha kushoto hakuna ubora juu ya kuendesha kulia. Kila mtu anashika upande fulani kwa sababu anatazamia wengine watashika upande huohuo, nao wanatazamia vivyo hivyo juu yake. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia alfajiri moja, tarehe 3 Septemba 1967, na Waswidi wakabaki walewale. Nyuma ya kanuni hiyo kubwa kuna mapatano madogo mengi ambayo hayamo katika kitabu chochote cha sheria. Katika barabara kuu za Tanzania, dereva wa lori huwasha indiketa ya kulia kumwonya aliye nyuma asipite, na ya kushoto kumwambia njia ni nyeupe. Gari linalokuja mbele likiwakisha taa mara mbili mchana, huenda linatoa habari kwamba trafiki wa tochi yuko baada ya kona. Mgeni aliyefundishwa kwamba indiketa ni ya kukata kona tu atayasoma yote hayo kinyume. Atawaona wenyeji hawajui kuendesha, nao watamwona vivyo hivyo.

Mahali pa kuliona jambo hili kwa karibu ni Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera. Upande wa Tanzania magari hushika kushoto, upande wa Rwanda hushika kulia. Lori lililopakia Dar es Salaam kwenda Kigali lina usukani kulia, na likishavuka dereva anajikuta amekaa upande wa ukingo wa barabara, mbali na mstari wa kati. Akitaka kulipita lori bovu lililo mbele yake haoni kinachokuja. Anayeona ni utingo aliyekaa kushoto, naye hutoa kichwa dirishani, akapiga mlango kwa kiganja, akasema bado, bado, twende. Lori linatokeza pua na kurudi, linatokeza na kurudi. Aliye nyuma ndani ya gari dogo la Kigali hamwoni utingo. Anaona herufi T, anaona lori linaloyumba, na hukumu juu ya madereva wa Tanzania inakuwa imekamilika kabla ya kona inayofuata. Dereva huyohuyo, kilomita chache nyuma, alikuwa akiendesha kwa utulivu wa mtu wa miaka ishirini barabarani.

Zaidi ya mapatano kuna riziki. Daladala za Dar es Salaam zinatajwa kila panapolaumiwa uendeshaji wa mji huo, na kwa nje lawama ina sababu: zinasimama popote, zinakimbizana kituo hadi kituo, zinageuza njia abiria wakiwa ndani. Mchumi Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 juu ya usafiri wa mji huo, ameeleza mpangilio unaozalisha mwendo huo. Dereva na konda wengi hawana mkataba wala mshahara. Kila siku wanapaswa kumpelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa, yaani hesabu. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chakula cha nyumbani, na siku mbaya hakibaki kitu. Nyuma yao kuna deiwaka wanaosubiri kituoni kushika usukani kwa kutwa moja. Katika mpangilio huo, dereva anayemsubiri mzee apande polepole anamlipia mzee huyo kwa unga wa watoto wake. Akiletwa mtu mpole kutoka mji wowote unaosifiwa kwa ustaarabu, akapewa gari hilo, hesabu hiyo na barabara hiyo, upole wake utajaribiwa kila kituo.

Kwamba tendo linafuata mazingira limepimwa pia. James Habyarimana na William Jack walifanya utafiti Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Katika matatu za safari ndefu, zilizochaguliwa kwa nasibu, walibandika maandishi yanayowahimiza abiria kumkemea dereva anayehatarisha maisha yao. Madai ya bima ya ajali katika magari hayo yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Madereva hawakubadilishwa. Barabara hazikubadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa kiti cha nyuma alipata ujasiri wa kusema.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili inatoka New York. Wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kinga, hivyo hawakulazimika kulipa faini za kuegesha magari vibaya. Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel walizichunguza faini hizo za kuanzia mwaka 1997 hadi 2002, zaidi ya 150,000 ambazo hazikulipwa, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba wanadiplomasia waliotoka nchi zenye rushwa nyingi walielekea kuwa na makosa mengi zaidi. Mji ulikuwa mmoja, kinga ilikuwa moja, lakini mwenendo ulitofautiana. Inaonekana basi kwamba watu hubeba kitu kutoka kwao. Hoja hii haifai kukwepwa. Lakini utafiti huohuo una sehemu mbili nyingine. Miongoni mwa waliokuwa na rekodi safi kabisa walikuwamo Waswidi na Wanorwe, na pia watu wa Oman na Burkina Faso, mchanganyiko ambao hakuna dhana ya mtaani ingeutabiri. Na mwishoni mwa mwaka 2002, mji ulipopata uwezo wa kuyanyang'anya namba magari yenye madeni, makosa ya wanadiplomasia yalipungua kwa takriban asilimia 98. Kile kilichobebwa kutoka nyumbani kilikuwa mazoea, na mazoea yalipokutana na kanuni inayosimamiwa yaliachia. Kitu cha asili kisingeondoka kwa amri ya ofisi ya jiji.

Elimu ikishafikishwa hapo, swali la haki linasimama peke yake, na dini zimelitolea maelekezo ya wazi kushangaza. Katika Qurani, Suratul Hujurat aya ya 11 inawakataza watu kuwadharau watu wengine, kwa kuwa huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao. Aya ya 12 inaamrisha kujiepusha na dhana nyingi kwa sababu baadhi yake ni dhambi. Aya ya 13 inasema wanadamu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane. Mpangilio wa aya hizi tatu una mafundisho yake. Tofauti za watu zimewekwa kwa ajili ya kujuana, na dhana inatajwa kabla yake kama kitu kinachopaswa kuondolewa njiani. Anayedhani huwa anaamini kwamba tayari anajua, kwa hiyo hatafuti tena kujua.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliingia ndani zaidi. Katika kitabu chake *Ihya* aliihesabu dhana mbaya kuwa ni kusengenya kwa moyo. Wazo linalompitia mtu bila kukusudia alilisamehe. Alichokilaumu ni moyo kulikubali wazo hilo na kutulia nalo. Tofauti hii inafaa barabarani. Anayekanyaga breki kwa sababu gari la mbele linayumba hajamdhania mtu ubaya. Ametahadhari, na tahadhari inamhusu kila dereva bila kuuliza kwao ni wapi. Ubaya unaanza pale breki inapoachiwa, hatari imekwisha, na moyo unabaki umekwisha kuandika jina la mji.

Mtu anaweza kujitetea kwamba kusengenya ni kumtaja mtu anayejulikana, na mji si mtu. Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Ibn Majah inaufunga mlango huo. Inamhesabu kuwa mzushi mkubwa kabisa mtu aliyejibizana kwa mashairi ya kejeli na mtu mmoja, kisha akalikejeli kabila lake zima. Wapwani, wenye desturi ya malumbano, wanaielewa picha hiyo upesi. Aliyekosa ni mmoja na waliotukanwa ni maelfu, wengi wao hata hawakuwapo.

Katika Injili ya Yohana, sura ya kwanza, Nathanaeli anaposikia habari za Yesu anauliza kama Nazareti inaweza kutoa kitu chema. Sura ya mwisho ya Injili hiyo inataja kwamba Nathanaeli mwenyewe ni mtu wa Kana ya Galilaya, yaani wa eneo lilelile. Dhana kali juu ya mji hutoka kwa jirani, kama Frankfurt kwa Offenbach. Filipo hakumjibu kwa hoja juu ya Nazareti; alimwalika aende akajionee. Waraka kwa Tito una jambo gumu zaidi: mwandishi wake anarudia kauli ya nabii wa Krete aliyewaita Wakrete wenzake waongo daima, na anaithibitisha. Wanafalsafa wameizungumza kauli hiyo kwa karne nyingi kama fumbo, kwani Mkrete akisema kweli kwamba Wakrete ni waongo daima, kauli yake inajila yenyewe. Upande wake wa kimaadili umezungumzwa kidogo. Mkazi wa Dar akisema "sisi wa Dar ndivyo tulivyo", maneno yake huchukuliwa kuwa ushahidi mzito kwa sababu ni ya mwenyeji. Lakini mwenyeji naye huenda amezoea kuusikia mji wake ukisemwa hivyo, na anayekubali kwamba tabia fulani ni asili yake amejipa pia ruhusa ya kuendelea nayo.

Falsafa ya karne ya 20 ililiongezea swali hili sehemu yake ngumu kupitia mfano wa dereva. Mwaka 1976 Bernard Williams aliandika juu ya dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake lolote, kuonyesha jinsi bahati inavyogusa maadili, na Thomas Nagel akaeneza jambo hilo hadi kwenye bahati ya mazingira: mtu hachagui majaribu anayowekewa. Mji wenye barabara pana, taa zinazofanya kazi na njia za waenda kwa miguu huwapa watu wake nafasi ya kuonekana waungwana bila gharama. Mji ambao barabara moja hubeba malori, bajaji, bodaboda, mikokoteni na watoto wa shule hudai uungwana uleule kwa bei kubwa. Anayeusifu wa kwanza na kuulaani wa pili anagawa sifa za maadili kwa kufuata bajeti ya ujenzi.

Madhara ya kosa hilo hayaishii kwenye heshima. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Jibu la "watu wa kule ndivyo walivyo" likikubaliwa, hakuna tena wa kuulizwa juu ya hesabu ya daladala, juu ya kivuko kisichochorwa mbele ya shule, wala juu ya saa kumi na nne za dereva bila kulala. Aliyekufa anazikwa na mji wake unalaumiwa, na lile lililomuua linabaki palepale hadi kesho asubuhi.

Dhana juu ya mahali hupata nguvu ya pekee inapoingia ofisini, na mfano wake ni bima. Ujerumani imegawanywa katika wilaya zaidi ya 400 za usajili, na ada ya bima ya gari hutegemea pia rekodi ya madai ya wilaya nzima. Utetezi wake ni wa hesabu: kampuni haidai chochote juu ya tabia ya mtu, inakadiria hatari ya barabara anazotumia. Hapo ile "wa" ya mahali imetumika kwa uaminifu. Lakini dereva ambaye hajawahi kugonga hata ukingo analipia makosa ya majirani asiowajua. California ilikuwa na malalamiko ya namna hiyo, ambako anwani ya nyumbani ilikuwa na uzito mkubwa katika ada. Novemba 1988 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha Pendekezo namba 103, linalotaka ada ya bima ya gari ipimwe kwanza kwa rekodi ya usalama ya dereva mwenyewe, kisha kwa maili anazoendesha kwa mwaka, kisha kwa miaka ya uzoefu wake. Mambo mengine, pamoja na mahali anapoishi, yaliruhusiwa kufuata baada ya hayo matatu.